Kuugua si Kukosa Shukrani: Hotuba kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Ndugu Mlezi wa Wanafunzi, wahadhiri, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na ninyi wanangu wa mwaka wa kwanza: asanteni kwa kunipokea. Najua Jumamosi ndiyo siku ya kufua na kulipa madeni ya usingizi, nanyi mmekuja. Nitajitahidi muda wenu usipotee.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kazi yangu nimeifanyia hapahapa Dodoma, na kwa miaka mingi sasa watu ninaowahudumia zaidi ni vijana wa vyuo. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie sonona, ule ugonjwa wa kuzama katika huzuni na kukosa raha, na namna mwanafunzi anavyoweza kupata msaada. Nitayasema hayo. Ila kuna jambo moja nataka nilitangulize, kwa maana bila hilo mengine yote hayatawafaa.

Wanafunzi wengi ninaowapokea hawakuchelewa kuja kwa sababu hawakujua kuwa huduma ipo. Kibao cha ushauri nasaha walikuwa wakikipita kila siku wakienda kula. Walichelewa kwa sababu walijiona hawana haki ya kuugua.

Nikimuuliza binti aliyemaliza mwezi mzima bila kuingia darasani, "Mbona hukuja mapema, mwanangu?", majibu huwa ya ukoo mmoja. "Sista, nyumbani waliuza shamba ili nije huku." Mwingine: "Mdogo wangu amesimama shule kwanza, ili mimi niripoti." Mwingine amelelewa na bibi anayeuza maandazi, na kila akienda likizo jina lake linatajwa kanisani kwamba huyu ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. "Sasa mimi niliyepewa vyote hivyo, nitasimama mbele ya nani niseme sina raha? Si nitaonekana sina shukrani?"

Naomba mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu humu ukumbini wapo wanaoyasema maneno hayo kimoyomoyo wakati huu.

Ipo karatasi ya maswali tunayoitumia kupima sonona, inaitwa PHQ-9. Hutumika duniani kote, nayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa utafiti hapa Tanzania na hata Kenya. Ina maswali 9 tu, yote kuhusu majuma mawili yaliyopita. Je, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Usingizi hauji, au unalala kupita kiasi? Umechoka, huna nguvu? Chakula hakishuki, au unakula bila kipimo? Akili haitulii hata kusoma ukurasa mmoja? Umekuwa mzito wa mwendo na maneno mpaka watu wameona, au kinyume chake, hutulii mahali? Umefikiri kwamba ni heri ungekufa, au ujidhuru? Kila swali unajibu kwa kiasi cha siku: hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Alama ni kuanzia 0 hadi 3 kwa swali, jumla 27. Ukifika 10 au zaidi, unahitaji kuonana na mtaalamu akuchunguze kwa kina.

Kama mlikuwa mkihesabu, mmesikia maswali 8. Moja nimelibakiza makusudi. Ni swali la 6, na linauliza hivi: je, umejiona hufai, au kwamba umeshindwa, au umeiangusha familia yako?

Umeiangusha familia yako. Maneno hayo yamo ndani ya kipimo chenyewe. Ile hisia inayokuzuia kwenda kuomba msaada, ile sauti inayokuambia kwamba waliokusomesha wameumia na wewe huna haki ya kulalamika, ni dalili ya ugonjwa. Imeorodheshwa na wataalamu pamoja na kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula. Wewe unadhani hiyo ni dhamiri yako inasema. Mimi nakuambia, mara nyingi ni sonona inayosema, nayo hujua kuiga sauti ya mama na sauti ya baba vizuri sana.

Kwa hiyo msisubiri mpaka mpate sababu ya kutosha. Ugonjwa huu hauombi sababu. Wapo waliofiwa, waliobakwa, waliokulia kwenye vipigo, wanaolala na njaa. Hao hatari yao ni kubwa na tunaijua. Wapo ambao sonona imo katika ukoo, shangazi aliugua, babu aliugua, ingawa nyumbani mambo hayo hayakutajwa kwa jina. Na wapo ambao hata baada ya mazungumzo marefu hatuoni chanzo kimoja cha kunyooshea kidole, na bado wanaugua kwelikweli. Mtu mwenye malaria haambiwi kwamba wapo wenye saratani, kwa hiyo asinywe dawa. Shirika la Afya Duniani kwa takwimu za mwaka 2019 lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na sonona. Katika idadi hiyo wamo maskini na matajiri, wacha Mungu na wasiosali, wenye shukrani nyingi na wenye shukrani kidogo.

Umri wenu pia una sehemu yake. Maradhi mengi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 25. Kwa hiyo hata kama kusingekuwa na chuo, huu ungekuwa umri wa kuangaliana. Sasa weka na chuo juu yake. Umetoka shule ambako ulikuwa wa kwanza, umekuja mahali ambako kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, limechelewa, au limekuja ukakuta nusu umeshalikopa. Umekosa chumba, mnabebana wawili kitanda kimoja, na mwenye kitanda ameanza kununa. Matokeo ya muhula wa kwanza yanatoka una sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na mtu anakutania kwamba mwaka huu unadisko, unafukuzwa chuo kwa kufeli. Kuna mliokopa kwenye simu, ile mikopo inayompigia mama yako simu ukichelewa kulipa. Kuna mnaobeti usiku mkitumaini kurudisha fedha ya chakula. Sisemi haya ili niwahukumu. Nayasema kwa sababu ndiyo ninayoyasikia ofisini, na mtu anayeyabeba peke yake huchoka haraka.

Jambo jingine linalotuchelewesha ni kwamba sonona kwetu mara nyingi huingia kwa mlango wa mwili. Kijana haji akisema nina huzuni. Anasema kichwa kinauma kama kimefungwa kamba, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, mwili umekufa ganzi. Anaandikiwa dawa za yutiai, anarudi. Anaandikiwa za taifodi, anarudi. Ananunua za vidonda vya tumbo, haponi. Ukipima mara kadhaa na vipimo havionyeshi kitu, au umetibiwa na hali ni ileile, mwambie anayekutibu maneno haya bila kuona haya: "Na usingizi sipati, na nimekosa raha ya kila kitu." Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu yako.

Sasa, ukishaamua kutafuta msaada, unakwenda wapi, na huko unakutana na nini? Nitakaa hapa kidogo, kwa maana mtu huogopa zaidi mlango ambao hajui ndani kuna nini.

Njia ya karibu ni mshauri nasaha wa chuo, chini ya ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi. Nyingine ni zahanati ya chuo, ambako utamwona tabibu wa kawaida, yuleyule wa homa na mafua. Ana uwezo wa kuanza kukupima na kukuandikia rufaa. Kama hutaki kabisa kuonekana chuoni, nenda hospitali moja kwa moja. Hapa mjini tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kuna Mirembe.

Nimetaja Mirembe na nimesikia mnong'ono. Nilijua utakuja. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1927, na karibu miaka 100 imekuwa mahali pa kuwatibu Watanzania waliougua akili, wengine wakiwa wameshakataliwa na ndugu zao. Sisi huku nje tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akikosea hesabu kwenye kimbweta, yale mabenchi yetu ya kujisomea nje, anaambiwa apelekwe Mirembe. Naomba mliache tusi hilo, na sababu yangu ni ya kikazi: aliyekaa pembeni yako akicheka pamoja nawe, kesho akiugua, ataukumbuka utani huo na hatakwenda. Na mjue kwamba wengi wanaotibiwa pale wanaingia asubuhi, wanamwona daktari, wanachukua dawa, wanarudi nyumbani. Wapo waalimu, wapo askari, wapo wanafunzi. Kitengo kinachopokea watu walioletwa na mahakama ni Isanga, na hicho kina utaratibu wake kisheria. Wewe uliyekwenda kwa miguu yako kusema hulali, hakuna atakayekufungia.

Ukifika, utakaa na mtu mmoja katika chumba kimoja. Atakuuliza umekuja kwa tatizo gani, lilianza lini, unalalaje, unakulaje, masomo yanaendaje. Atakuuliza kuhusu nyumbani, kuhusu pombe na bangi, kuhusu mahusiano. Maswali mengine yatakushtua kidogo. Atakuuliza kama kuna kipindi uliwahi kuwa na nguvu kupita kawaida, hulali na huchoki, unaongea sana na kutumia fedha ovyo. Anauliza kwa sababu dawa za sonona zinaweza kumdhuru mtu mwenye ugonjwa wa namna hiyo, naye huhitaji matibabu mengine. Msichana anaweza kuulizwa kama ni mjamzito. Unaweza kutolewa damu, kwa maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana sana na sonona. Na atakuuliza waziwazi kama umefikiria kujiua. Mjibu kweli.

Utauliza: akiniuliza hivyo na nikakubali, je, ataita polisi? Najua hofu hiyo inatoka wapi. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, imeandika kwamba kujaribu kujiua ni kosa. Mimi naamini sheria ya namna hiyo inawafukuza wagonjwa hospitalini, na nasema hivyo kila ninapopewa nafasi. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Lakini sikilizeni: kuwa na mawazo ya kujiua si kosa popote. Kumweleza muuguzi au daktari mawazo hayo si kosa. Ni historia ya ugonjwa, inaandikwa kwenye faili kama inavyoandikwa homa.

Na siri? Anayekuhudumia hana ruhusa ya kumwambia mhadhiri wako, wala mwenzako wa chumba, wala mchungaji wala shehe wako, wala baba yako kama wewe ni mtu mzima na hujakubali. Ataivunja siri hiyo pale tu ambapo uhai wako au wa mwingine uko hatarini, na hapo ataeleza yale tu yanayohitajika ili uwe salama. Mwulize mapema: "Haya nitakayosema yanabaki hapa?" Ni haki yako kuuliza, na mtaalamu mzuri atakueleza mipaka yake kabla hujafungua kinywa.

Gharama pia nazisikia. Wengi wenu mlilipia bima ya afya ya mwanafunzi, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Kadi unayokwenda nayo ukiugua malaria, nenda nayo na huku.

Matibabu yenyewe ni ya aina mbili kubwa, na mara nyingi huenda pamoja. Ipo tiba ya mazungumzo. Msidhani ni kukaa na kusimuliwa methali. Ni kazi, ina hatua, ina mazoezi ya kufanya kati ya siku moja ya miadi na nyingine. Moja ya mbinu zake naipenda kwa sababu hata asiye na fedha anaiweza. Sonona hukufanya uache vitu: unaacha kwaya, unaacha mpira, unaacha kuoga kwa wakati, na kadiri unavyoacha ndivyo unavyozidi kuzama. Kwa hiyo tunapanga pamoja kitu kidogo cha kufanya kesho, saa fulani, upende usipende. Kutembea mpaka getini na kurudi. Kufua mashati mawili. Kumpigia dada yako simu kwa dakika tano. Hatusubiri hamu irudi ndipo ufanye. Unafanya, na hamu huja nyuma ikijikokota.

Na zipo dawa. Zinazotumika sana kwetu ni kama fluoxetine na amitriptyline. Nataka mjue mambo machache kuhusu dawa hizi, kwa sababu wengi huziacha kwa kutoambiwa. Hazifanyi kazi siku hiyohiyo. Ni majuma mawili hadi manne, wengine sita, ndipo unafuu unapoonekana, wakati madhara madogo kama kichefuchefu, kinywa kukauka au kusinzia huja siku za mwanzo. Mtu anaona adha kabla ya faida, anazitupa. Vumilia, rudi kwa aliyekupa, mweleze. Kwa vijana chini ya miaka 25, majuma ya mwanzo yanahitaji uangalizi wa karibu, maana mawazo ya kujidhuru kwa baadhi yao yanaweza kuongezeka. Ukiona hivyo rudi siku ileile, usingoje tarehe ya miadi. Ukipata nafuu usiache ghafla. Kwa kawaida dawa huendelea miezi sita au zaidi baada ya kupona ili ugonjwa usirudi, kisha hupunguzwa polepole. Na hapana, hazikufanyi teja. Hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote.

Kuhusu sala, nitasema kwa kifupi kwa sababu ni jambo linalogusa mioyo. Mimi mwenyewe ninasali. Sijawahi kumwambia mgonjwa aache kwenda kanisani au msikitini. Wengi hupata huko watu wa kuwashika mkono, na hilo ni msaada mkubwa. Ninachoomba ni kwamba asitokee mtu wa kukuambia uache dawa ili kuthibitisha imani yako. Wala asitokee wa kukufungisha siku nyingi wakati mwili wako umeshakonda kwa kukosa kula.

Sasa niwageukie ambao hamuugui, maana mtu mwenye sonona mara nyingi haendi mwenyewe. Anapelekwa. Na anayempeleka ni yule anayelala kitanda cha juu yake.

Mwaka 2006, kule Harare nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na hakuwa na wataalamu. Akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa madaktari. Walifundishwa namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu apange kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi yale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyokuwepo. Mpango huo umeshafika hata Zanzibar.

Sisi mabenchi tunayo. Vimbweta vimejaa chuo kizima. Sisemi kila mmoja wenu awe mganga wa mwenzake; bibi wale walifundishwa, na walikuwa na wakubwa wa kuwarudia kesi ngumu. Ninasema kwamba kusikiliza ni ufundi ambao mtu wa kawaida anaweza kuujua, na sehemu yake ya kwanza ni kuacha kusema maneno fulani. Acheni "jikaze". Acheni "mwanaume halii". Acheni "unajiendekeza", na ile ya kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hata "wenzako wanapitia makubwa zaidi", ambayo husemwa kwa nia njema, humrudisha mtu kulekule kwenye swali la 6: anajiona hana haki.

Sema badala yake: "Nimeona siku hizi huli na huendi kipindi. Kuna nini, rafiki yangu?" Kisha nyamaza. Ukimya wake usikutishe, usiujaze kwa ushauri. Akishaeleza, usimwambie nenda ukapate msaada, mwambie twende. Kesho saa tatu nakusindikiza, nakaa nje mpaka utoke. Tofauti ya maneno hayo mawili nimeiona kwa macho. Mtu mwenye sonona kuvaa viatu tu ni mzigo, sembuse kutafuta ofisi asiyoijua.

Na ukiwa na wasiwasi kwamba anafikiria kufa, muulize kwa maneno hayohayo: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba wakiuliza watampa wazo. Hapana. Kuuliza hakupandi wazo hilo. Mara nyingi mtu hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Ishara za kukushtua ni mtu kuzungumza kama anaaga, kugawa vitu vyake, kuomba msamaha kwa watu wengi bila sababu, au kutulia ghafla baada ya siku nyingi za dhiki. Akikubali kwamba ana mawazo hayo, usimwache peke yake hata kwa kwenda kuchota maji. Ondoeni karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mwite mlinzi, mwite matroni, piga simu kwa mshauri, chukueni bodaboda au teksi mkampeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama ni saa nane za usiku. Na akikuambia "niapie hutamwambia mtu", usiape. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Afadhali akukasirikie muhula mzima.

Nije kwenye masomo, maana najua wengine mnajiuliza: nikitibiwa, mwaka wangu utakuwaje?

Kinachowaangusha wanafunzi wengi ni kutoweka kimya. Mtu anaacha mtihani, anazima simu, anajifungia, na kwenye mfumo wa chuo anasomeka kama mtoro. Mtoro anafukuzwa. Mgonjwa ana utaratibu wake. Ukiwa na taarifa ya daktari na ukaipeleka kwa wakati, unaweza kuomba kufanya mitihani maalumu wakati mwingine, au kuahirisha muhula au mwaka kwa sababu ya ugonjwa, kisha ukarudi. Taarifa hiyo ipelekwe kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Na kama una mkopo, kuahirisha kwako kunatakiwa kuifikia Bodi ya Mikopo kupitia chuo. Uliza kwa afisa mikopo wa chuo ujue fedha zitasimama na kurudi vipi, ili usirudi ukakuta mambo yamekwama. Huna nguvu ya kufuatilia? Mpe karatasi hizo rafiki yako unayemwamini, au kiongozi wako wa darasa, akuzungushie.

Nimewaona walioahirisha wakarudi wakamaliza. Wameajiriwa, wana watoto. Hakuna anayewauliza kwa nini walihitimu mwaka mmoja baada ya wenzao.

Na wazazi tutawaambiaje? Nimewasaidia wanafunzi wengi kupiga simu hiyo. Usianze na neno sonona kama unajua baba ataelewa vingine. Anza na mwili na ushahidi: "Baba shikamoo. Nimekuwa naumwa tangu mwezi uliopita, silali, nimekonda. Nimekwenda hospitali, daktari amenipa dawa, na amesema nipumzike kidogo." Tafuta katika ukoo mtu mmoja anayesikilizwa, shangazi au mjomba mwenye busara, mwambie yeye kwanza, akutangulie. Kama unaogopa kabisa, njoo uipige ukiwa ofisini kwetu, na tukihitajika tutazungumza naye sisi. Wazazi wengi nilioongea nao hawakuuliza habari za ada. Swali lao la kwanza lilikuwa: "Sasa hivi yuko wapi? Amekula?" Yule uliyedhani anakudai shukrani alikuwa anakutaka wewe uwe hai.

Ndugu Mlezi, kabla sijakaa, nina maombi kwa uongozi, na nayasema hadharani ili wanafunzi wawe mashahidi. Chumba cha ushauri nasaha kisiwe kwenye korido moja na ofisi ya nidhamu. Mwanafunzi anayeonekana pale anadhaniwa ana kesi, kwa hiyo haendi. Kitafutiwe mahali ambapo mtu akiingia anaweza kuwa anakwenda popote. Washauri waongezwe, na wawepo jioni, kwa sababu mchana mwanafunzi yuko darasani na sonona hukaza usiku. Wahadhiri waelezwe kwamba mwanafunzi aliyekuwa akikaa mbele na sasa haonekani majuma mawili anastahili kuulizwa hali kabla ya kukatwa alama za mahudhurio. Na utaratibu wa kuahirisha mwaka ubandikwe kwa Kiswahili rahisi kwenye kila bweni, pamoja na namba ya mtu wa kupigiwa usiku.

Viongozi wa wanafunzi, ninyi mkifuatilia jambo moja tu katika haya kwenye kikao chenu kijacho, liwe ni hiyo namba ya usiku.

Wenzangu wanapitisha karatasi ndogo sasa hivi. Andikeni maswali, msiandike majina. Hata ambaye hana swali aandike chochote, ili mwenye swali asijulikane kwa kalamu yake. Nitayajibu yote hapa mbele, na muda ukiisha mimi na wenzangu wawili tutabaki kwenye vimbweta vya nyuma ya ukumbi mpaka saa kumi jioni kwa yeyote anayetaka kuzungumza.

Asanteni. Naomba karatasi za kwanza.